Makomeo Saba Kwenye Kopo la Biskuti

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa na namba nne, na hakuna hata mbili zilizofanana. Mtutu ulikuwa na yake, mbao ilikuwa na yake, komeo lilikuwa na yake, na kile kibati cha kulengea shabaha kilikuwa na namba iliyosuguliwa nusu na vidole vya watu waliokufa kabla babu yangu hajabalehe. Mzee aliyeniuzia alikuwa akiona haya. Ilikuwa mwaka 2004, kwenye ukumbi mmoja nje kidogo ya Toronto ambako wapenzi wa vitu vya vita vya kale hukutana Jumapili na kupanga mali zao kwenye meza ndefu, medali huku, kofia za chuma kule. Bunduki zake nzuri mzee alizilaza juu ya kitambaa cha kijani. Hii aliisukumia chini ya meza, pamoja na chupa yake ya chai.

"Hiyo achana nayo," aliniambia. "Namba hazilingani."

Nikamwomba anieleze, na alikuwa mtu wa kupenda kueleza. Zamani kila kipande cha bunduki ya askari kiligongwa namba moja, ili ikifunguliwa kusafishwa irudi kama ilivyokuwa. Lakini vita vina haraka zake. Bunduki mia zinafunguliwa kwa pamoja, makomeo yote yanatumbukizwa kwenye ndoo moja ya mafuta, na jioni fundi anachukua linalomjia mkononi na kulijaribu. Likikubali, imekwisha. Komeo, kwa asiyejua, ni kile chuma cha nyuma kinachosukumwa mbele na kukazwa, kama komeo la mlango. Bila hicho bunduki haiwezi kufyatua kitu. Wakusanyaji hugombania bunduki ambazo namba zake zote ni moja. Za mchanganyiko wanaziita takataka.

"Sasa nitajuaje kama komeo hili linaikubali bunduki hii?" nikamuuliza.

"Usisome namba. Lisukume, halafu usikilize."

Nikalisukuma. Liliingia bila ubishi, likajifunga kwa mlio mfupi mzito, na mimi hapo hapo nikaishiwa ujanja.

Lazima niseme kwamba baba yangu alikuwa fundi baiskeli Songea, na baiskeli yake mwenyewe ilikuwa baiskeli tatu ndani ya moja. Fremu ilitoka misheni, usukani ulitoka kwa karani aliyehamishwa, na gurudumu la nyuma lilikuwa kubwa kuliko la mbele, hivyo ukiipanda ulikuwa kama unateremka kilima siku zote. Watu walimcheka, kisha wakija kuharibikiwa walimwazima ileile. Na mimi huku North York nilikuwa kwenye karakana ninachonga vipuri kwa mashine tangu saa moja asubuhi. Kipuri kikizidi kwa unene wa unywele kinatupwa kwenye pipa. Mtu akishinda siku nzima anatupa vitu visivyolingana, jioni anaweza kupata huruma navyo. Sina maelezo mengine.

Sheria ya Kanada inaihesabu bunduki ya umri ule, ya risasi nene ambazo hazipo tena madukani, kuwa kitu cha kale tu, haihitaji leseni. Nilipiga simu kuuliza mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu mweusi na napenda uhakika. Halafu nikaivingirisha kwenye mkeka na kuipandisha kwa lifti hadi ghorofa ya kumi na saba, St. James Town, tulikokuwa tukiishi wakati ule. Ndani ya lifti mama mmoja akaniuliza kama nimetoka kuvua samaki. Nikamwambia ndiyo, ila leo hawakula. Nilijiona mjanja sana.

Mke wangu alikuwa jikoni. Yeye ni mtu wa Uvira, upande ule wa Kongo unaotazamana na Burundi, na tulikutana hapahapa Toronto kanisani, mimi nikiimba besi kwenye kwaya ingawa sauti sina. Aliangalia mkeka, akaangalia uso wangu.

"Njo nini hiyo unaleta mu nyumba?"

Nikaufungua. Nikaanza hotuba yangu ya makumbusho: ni ya kale, risasi zake hazipo tena madukani, ni chuma na mbao tu. Yeye hakurudi nyuma wala hakupaza sauti. Alipangusa mikono, akaisogelea kama mtu anayesogelea ng'ombe asiyemjua.

"Kitu yenye inaua ni gani mu hii?"

Nikachomoa komeo, nikamwonyesha. Nikamwambia bila hili ni bomba lililofungwa kwenye ubao. Akanyoosha mkono, nikampa.

"Hii inabaki kwangu," akasema. "Na kama utaleta ingine, ni vile vile. Mbele ipite mulango, hii inatoka."

Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi ya nyumba yetu. Wageni wanavua viatu mlangoni. Bunduki zilivua makomeo. Kwa miaka minane nilileta sita, moja moja, kila nilipokutana na iliyotupwa chini ya meza. Kila mara nilisimama kwenye kizingiti, nikachomoa komeo mbele ya macho yake, na yeye akanyoosha kiganja. Nilimtania kwamba amekuwa afisa forodha. Alicheka, na kiganja hakukirudisha mpaka kipate chake. Alikuwa na mahali pake pa kuyaweka, na mimi sikuwahi kuuliza. Tulipohamia North York kwenye nyumba yenye besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, nilizipanga bunduki zangu ukutani karibu na mashine ya kufulia, kila moja na tundu lake wazi nyuma kama kinywa cha kibogoyo. Binti yetu, ambaye humjibu mama yake kwa Kiingereza hata akitukanwa kwa Kiswahili, alipaita makumbusho ya takataka.

Kuhusu Uvira nilijua vita, sikujua habari. Nilijua kwamba baba yake alikuwa mwalimu na alikufa, basi. Nilidhani kutouliza ni adabu. Siku hizi nadhani ulikuwa uvivu.

Ya saba ndiyo iliyoniponza. Niliipata vuli ya 2012 kwa muuzaji mwingine wa ukumbi uleule, na ilikuwa mchanganyiko uliokubuhu: mtutu wa nchi moja, mbao ya nchi nyingine, na mahali mbao ilipovunjika fundi fulani, Mungu anajua wapi, aliizungushia bati la shaba na kulishona kwa ngozi mbichi iliyokauka ikawa ngumu kama mfupa. Kazi ya mikono ya mtu asiyekuwa na kitu, na imeshika miaka zaidi ya mia. Niliitaka hiyo iwe nzima. Nilitaka walau moja nikishuka besimenti nilisukume komeo lake na kuusikia ule mlio. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa.

Kwenye sanduku langu la vipuri nilikuwa na komeo moja la ziada, lisilokuwa la bunduki yoyote. Wenye bunduki za namba moja wasingeweza kufanya nilichofanya, maana namba ingewaumbua. Ila za mchanganyiko hazina ushahidi. Komeo lolote ni geni, kwa hiyo lolote linafaa kudanganyia. Nilisimama kwenye kizingiti kama kawaida. Nikageuka kidogo, nikajifanya nachomoa, nikampa lile la ziada. La kweli lilikuwa mfukoni mwa koti. Mke wangu alilipokea, akalifunga kwenye ncha ya kikwembe chake cha kiunoni, akaniuliza kama nimekula.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi kumi na minne. Bunduki ile niliirudishia komeo lake, nikaining'iniza nyuma ya tangi la maji moto, na kila niliposhuka kuusikia ule mlio nikisingizia kufua soksi, nikasifiwa kwa kusaidia kazi za nyumbani.

Mke wangu alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akalala mchana. Mimi nilirudi saa kumi. Alikuwa akiniachia chakula mezani, sahani moja imefunikwa na nyingine, na mimi nilikula peke yangu kimya kimya nisimwamshe. Siku moja ya Januari nilirudi, nikanawa, nikaketi, nikafunua sahani. Juu yake palikuwa na komeo, lile la kweli la bunduki ya saba. Amelilaza katikati, na uma pembeni.

Sikuhitaji kushuka besimenti kuhakikisha kwamba amefika nyuma ya tangi. Nilikaa hapo sijui muda gani, natazama chuma changu kwenye sahani ya maua. Halafu nikapanda ngazi kwenda kumwamsha nimwombe radhi, nikiwa nimeshatunga maneno.

Alikuwa amelala kitandani juu ya blanketi, na koti lake la baridi amelifunga vifungo vyote. Mkoba ulikuwa begani. Alikuwa amevaa viatu, vile vya kazini vyenye soli nene, amevifunga kamba mara mbili. Alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi kidogo. Yale maneno niliyotunga yalinitoka yote. Nilitelemka nikangoja chini.

Alipoamka alinikuta mezani bado, na sahani mbele yangu. Akaketi. Hakuvua koti.

"Papa yangu alikuwa mwalimu," alisema. "Jirani alikuja na bunduki, akamuomba amuchungie siku mbili. Ilikuwa ya kuvunjika. Sisi tukaogopa. Papa akatuambia, musiogope, haiko na kitu ndani, ni fimbo tu. Kisha batu bakakuja kuitafuta. Habakuuliza kama iko nzima."

Akaendelea kwa sauti ileile anayotumia kuniambia maziwa yamekwisha.

"Kutoka siku ile mama alikuwa anatulalisha na viatu. Mwaka muzima. Hapa Kanada nilivua. Nikalala ghorofa ya kumi na saba na bunduki mu nyumba, bila viatu, sababu uliniambia haina kitu, na kile kitu kilikuwa mu mikono yangu."

"Nisamehe," nikasema.

"Unafikiri naogopa chuma? Chuma naosha nayo sufuria. Miye nilitaka kujua kama mu hii nyumba bakisema haiko, haiko kweli."

Nilimwambia nitaziuza zote, zisibaki hata moja. Akaenda kazini. Kesho yake alilala na viatu, na keshokutwa, na Februari nzima, na Machi. Binti yetu aliniuliza kwa Kiingereza kama mama anaumwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemuumiza. Lilikuwa jambo gumu kulisema kwa lugha yoyote.

Ukumbi ulifunguliwa Jumapili ya kwanza ya Aprili, na asubuhi hiyo nilimwomba makomeo, kwa sababu bunduki bila komeo hakuna anayeigusa. Akaniletea kopo la biskuti za siagi, lile la bluu ambalo katika kila nyumba ya Kiafrika lina sindano na nyuzi badala ya biskuti. Akalifungua. Ndani makomeo yalikuwa yamelala kwa safu, kila moja limevikwa soksi kuukuu ya mtoto, na kwenye kila soksi ameshonea karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ya mbao iliyopasuka, mwaka tulipofika ghorofa ya kumi na saba. Ya mtutu mrefu, mwezi mtoto alipoanza shule. Ya mkanda mwekundu. Nilikuwa nikidhani ameyamwaga mahali, na moyoni nilishajiandaa kukaa siku nzima kuyajaribisha moja moja. Yeye, ambaye hakutaka kuziona, alizijua zote.

Nikachomoa la kwanza kwenye soksi. Lilikuwa la rangi ya chungwa, linanata, na jikoni kukaanza kunukia mboga za sombe, kisamvu cha kwao Uvira.

"Ni mawese," akasema, akitazama pembeni. "Niliona zinaanza kutu. Kila krismasi nilikuwa nazipaka."

Fundi yeyote atakwambia mafuta ya kula hayapakwi kwenye chuma. Yanaganda yanakuwa gundi. Miaka yote niliyopanguza mbao na kung'arisha mitutu sikukumbuka kwamba makomeo nayo yanashika kutu. Nikageukia dirishani, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka aone kwamba nalia mimi, niliyekosa. Komeo la saba, lile la uongo, lilikuwa kwenye soksi kama mengine, na karatasi yake. Ya kushonwa na ngozi, aliipenda sana. Nalo lilikuwa limepakwa mawese. Nililiacha kwenye kopo.

"Sitarudi na hata moja," nikamwambia mlangoni.

Mzee wangu pale ukumbini alivaa miwani, akazipokea moja moja, akasukuma, akasikiliza. Alinusa vidole vyake, akauliza nilitumia mafuta gani. Nikamwambia ni ya nyumbani kwa mke wangu. Akasema hajawahi kusikia komeo likinukia chakula cha mchana. Alichukua sita, pamoja na ile ya ngozi, na kwa hilo nilishukuru, kwa kuwa sikutaka tena kuitazama. Ile ya kwanza, ya namba nne, akairudisha mikononi mwangu.

"Hii nilikuuzia mwenyewe," alisema. "Tatizo langu sinunui mara mbili."

Nikazunguka meza zote. Hakuna aliyeitaka. Saa nane mchana nilikuwa kwenye gari, barabara kuu, naelekea nyumbani na bunduki moja kwenye buti na ahadi ya sifuri mdomoni.

Nitasema kweli, maana nikificha hapa nitakuwa sijajifunza kitu. Njia nzima niliwaza pa kuiweka. Kabati langu la karakana lina kufuli, ni langu peke yangu. Chini ya tairi la akiba pana nafasi ya kutosha, na mke wangu haendeshi gari. Ningeingia ndani nikasema zimekwisha, na ingekuwa karibu kweli. Nilipunguza mwendo kabisa mbele ya geti la karakana. Halafu nikaona ile sahani ya maua, nikakanyaga mafuta.

Nilipofika, alikuwa amelala. Sikuingia. Niliiacha kwenye buti, nikakaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba na koti langu, Aprili ya Toronto ambayo ni masika kwenye kalenda tu. Jirani alipita na mbwa, akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nikamwambia hapana, namsubiri mke wangu aamke. Akanitazama kama mtu aliyefukuzwa, na hakukosea sana. Nilikaa karibu saa mbili. Makalio yalikufa ganzi.

Mlango ukafunguliwa nyuma yangu.

"Unafanya nini inje?"

"Imebaki moja," nikasema. "Ile ya kwanza. Haikupata mtu. Iko kwenye buti. Nilisema sitarudi na hata moja, na nimerudi nayo. Ukisema isiingie, haiingii."

Alikuwa na koti lake, na vile viatu.

"Ilete."

Nikaileta ndani ya mkeka uleule wa mwanzo, nikaishusha kwenye kizingiti, nikachomoa komeo, nikaliweka kwenye kiganja chake. Safari hii hakukifunga. Alipiga magoti, akaipakata bunduki mapajani, akalielekeza komeo kwenye tundu lake na kulisukuma, polepole, kichwa amekiinamisha upande. Sikujua kwamba anajua. Lilikwama kidogo kwenye mawese, kisha likaingia, likajifunga kwa ule mlio mfupi mzito. Akalifungua. Akalifunga tena, akasikiliza.

"Ni yake," akasema.

Akalichomoa, akalitia mfukoni mwa koti, akaniachia bunduki niipeleke chini. Zilikuwa zimebaki saa tatu kabla ya zamu yake. Alikaa kwenye kibao cha kuvulia viatu pale mlangoni, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, zile zilizofungwa mara mbili, kisha za kulia. Akaviweka viatu vyake karibu na vyangu, akapanda kulala.